Karatasi moja kabla hujasaini mkopo

Assalaam alaykum wote. Nimekaa miaka tisa dirishani kwenye saccos (chama cha akiba na mikopo) moja hapa Unguja, napokea marejesho, nasikiliza udhuru, na kitu kimoja nimekiona mpaka kimenichosha: watu wanajua kukopa ila hawajui wanalipa shingapi. Si wajinga, wengine ni walimu na manesi, tatizo wanauliza swali ambalo silo. Wanauliza "riba asilimia ngapi?" na wakishajibiwa wanasaini.

Nianze na shangazi yangu wa Wete maana yeye ndo kanifanya niandike. Alinipigia mwezi wa nne mwaka jana, kafurahi kweli, kapata pahala pa kukopa milioni 3 amalizie kuezeka nyumba, mwaka mmoja, asilimia 18. Pahala pengine walimwambia 20 akawakimbia. Nikamuuliza, shangazi, hiyo 18 ya aina gani? Akanijibu, "Mwanangu, asilimia si asilimia tu?"

Siyo. Na hapa chukua karatasi na kalamu, au kalkuleta ya simu.

Ile 18 yake ilikuwa ya flati. Maana yake wanachukua milioni 3 nzima, wanapiga asilimia 18, inatoka 540,000, wanajumlisha, unapata 3,540,000, wanagawa kwa miezi 12, unalipa 295,000 kila mwezi. Shida iko hapa: mwezi wa kumi umesharudisha sehemu kubwa ya deni, lakini bado unatozwa riba kama vile milioni 3 yote umeikalia wewe. Kila mwezi elfu 45 ya riba, wa kwanza elfu 45, wa mwisho elfu 45.

Ile 20 aliyoikimbia ilikuwa ya salio linalopungua, yaani riba inapigwa kwenye deni lililobaki tu. Mwezi wa kwanza riba ni elfu 50 kweli, kubwa kuliko ile, lakini inashuka kila unapolipa, mwezi wa mwisho inabaki kama elfu 4 na mia tano tu. Rejesho lake ni kama 277,900 kwa mwezi, mwaka mzima riba yote ni kama 335,000. Sasa linganisha, 540,000 na 335,000. Huyo wa 18 ni ghali kuliko huyo wa 20 kwa zaidi ya laki mbili! Ukitaka kuigeuza ile 18 ya flati uiweke kwenye mizani moja na ile nyengine inatoka karibu asilimia 32. Shangazi alinyamaza kwenye simu mpaka nikadhani salio limekwisha.

Kwa hivyo lile swali la asilimia liache kwanza. Maswali ya kuuliza ni manne na uyaandike kwenye karatasi, mbele yake yule ofisa mikopo, asikutie haraka:

Naondoka na shingapi mkononi?
Narudisha shingapi jumla, mpaka ya mwisho?
Kwa muda gani, na kila lini?
Nikichelewa inakuwaje, na nikitaka kumaliza mapema inakuwaje?

La kwanza watu wanalidharau. Shangazi hakuwa anapata milioni 3, kulikuwa na ada ya fomu na uchambuzi asilimia 2, na bima asilimia 1, zinakatwa juu kwa juu kabla pesa haijakufikia, kwa hivyo mkononi ni 2,910,000. Anarudisha 3,540,000. Tafauti ni 630,000, hiyo ndo bei ya mkopo, mengine yote ni maneno. Bima si kitu kibaya, mtu akifa deni lisiwaangukie watoto, lakini uijue kuwa iko na inalipa nini.

La nne nalo lina mtego wake. Kwenye flati mara nyingi ukimaliza mapema hakuna unachosamehewa, riba ya miezi iliyobaki unalipa vilevile, au wanakupunguzia kidogo wanavyotaka wao. Kwenye salio linalopungua ukilipa mapema unaokoa kweli, ila baadhi yao wana faini ya kumaliza mapema. Uliza, na wakuoneshe kwenye mkataba imeandikwa wapi, usikubali "usijali mama, tutaelewana."

Na wale wanaokwambia hapa hakuna riba

Huku kwetu neno riba lenyewe linamtia mtu khofu, na haki yake, kwa sababu ni haramu na kila mmoja kalisikia msikitini. Benki zimelijua hilo. PBZ (Benki ya Watu wa Zanzibar), ambayo ipo tangu 1966, ina huduma yake ya Ikhlas, CRDB wana Al Barakah, NBC wana La Riba, na Amana ni benki nzima ya Kiislamu. Mimi nawaunga mkono, lakini kuna watu wanadhani "hakuna riba" maana yake "hakuna gharama", na hapo wanakosea.

Murabaha inakwenda hivi: unataka mabati, benki inayanunua, yanakuwa mali yake kwanza, halafu inakuuzia wewe kwa bei ya juu kidogo na unalipa kwa awamu. Ile nyongeza ni faida ya biashara, na bei ikishafungwa imefungwa, hata ukichelewa haipandi, na kama kuna faini ya kuchelewa kwa utaratibu inapelekwa sadaka, benki isiile. Kwa mtu ambaye kipato chake kinayumba hilo ni jambo kubwa, maana kwenye mkopo wa kawaida ucheleweshaji ndo unaokuzamisha. Lakini ile karatasi yako ya maswali manne ni ileile. Bei ya taslim shingapi, bei ya awamu shingapi, miezi mingapi. Ikiwa nyongeza ni kubwa kuliko benki ya pili nayo ya Kiislamu, nenda ya pili, kupatana bei hakukatazwi.

Friji na tv za madukani ndo hivyohivyo. Juzi mwenzangu kazini kachukua friji, taslim 850,000, awamu unatanguliza laki moja halafu elfu 90 kwa miezi 12. Piga: 1,180,000. Kalipa 330,000 zaidi. Nikamwambia ungeingia mchezo, ule wa kuchanga na kupokea kwa zamu, mwaka mmoja tu ungenunua friji na feni juu. Akasema joto halisubiri mchezo. Sikuwa na jibu, mwezi wa pili ulikuwa.

Mikopo midogo midogo ndo inayokula

Milioni 3 mtu anaiogopa, anauliza wazee, anapiga istikhara. Elfu 50 ya kwenye simu haulizi mtu, anabonyeza. Hesabu yake: umechukua 50,000, baada ya siku 30 unarudisha 55,000. Elfu 5 tu, si kitu. Lakini ukiifanya kila mwezi, unalipa tarehe 28 unakopa tena tarehe 29, mwisho wa mwaka umelipa elfu 60 ya ada kwa ileile elfu 50, na bado elfu 50 yenyewe unadaiwa. Ni asilimia 120 kwa mwaka. Mkopo wa kawaida wa benki haufiki huko. Mimi nasema mkopo wa simu ni wa dharura ya usiku, mtoto anaumwa unataka taksi, siyo wa kununulia bando. Na ukichelewa khabari zako zinaweza kufika kwenye taasisi za taarifa za wakopaji, kesho kutwa unaomba mkopo wa maana benki wanakuonesha lile deni la elfu 20 la mwaka juzi.

Zile programu za kukopesha ambazo zinataka kuingia kwenye namba zako zote za simu kabla hawajakupa chochote, kimbia. Ukichelewa siku mbili wanampigia mkwe wako. Nimeshuhudia, mtu kalia hapa dirishani kwangu kwa sababu ya elfu 30.

Daftari la duka nalo ni mkopo, tena wa zamani kuliko yote. Kuna maduka bei ni moja, mwenye duka anakusitiri tu Mwenyezi Mungu amlipe. Kuna mengine mchele taslim 2,800 kwenye daftari 3,000. Mia mbili kwa kilo, kwa mwezi mmoja, ni asilimia 7. Hebu mara moja tu nunua mchele wa mwezi mzima kwa pesa taslim, hata kama ni kwa kukopa bila faida kwa ndugu, halafu endelea hivyo.

Na kuna mikopo ambayo haina hata jina. Kule Paje na Jambiani kina mama wa mwani muda mrefu walikuwa wakipewa kamba na taitai (vikamba vya kufungia mwani) na mnunuzi, bure, halafu mwani lazima umuuzie yeye kwa bei aliyotaja yeye. Mvuvi naye tajiri wake anampa mafuta na barafu, samaki wakiingia wanapimwa kwa bei ya tajiri. Hakuna karatasi wala asilimia, lakini riba ipo ndani ya bei. Ukitaka kuijua: bei ya sokoni leo toa bei anayokupa tajiri, zidisha kwa kilo, kisha linganisha na thamani ya mafuta aliyokupa. Nilimpigia hesabu hii mvuvi mmoja wa Nungwi, tukakuta kwa wiki moja kalipa mafuta karibu mara moja na nusu. Alichokifanya ni kuweka kando elfu 10 kila akitoka baharini mpaka akawa ananunua mafuta mwenyewe, ilimchukua miezi mitano.

Jambo hili si geni visiwani. Karne ya 19 hata masultani wenyewe walikuwa na madeni kwa akina Jairam Shivji, wafanyabiashara wa Kihindi waliokodi forodha (haki ya kukusanya ushuru), na wenye mashamba ya mikarafuu waliweka rehani mashamba yao mpaka mwaka 1934 serikali ya kikoloni ikatunga sheria ya kuzuia mashamba yasiende kwa wakopeshaji. Na mpaka leo Pemba kuna mtu anauza karafuu zikiwa bado mtini, kwa nusu bei, kwa sababu mtoto kafukuzwa skuli kwa ada.

Mchezo na kisanduku

Mchezo hauna riba, na ndo uzuri wake, ila ujue umekaa upande gani. Watu kumi, elfu 50 kila wiki, anayepokea wa kwanza kashika laki 5, na laki 4 na nusu ndani yake kakopeshwa na wenzake bure, anayepokea wa mwisho kawakopesha wenzake bure. Kwa hivyo ukiwa na kitu cha kukuingizia pesa, cherehani mfano, omba namba ya mwanzo. Ukiwa unaweka tu akiba ili usiile, kaa mwisho, lakini hapo chagua watu unaowajua mpaka kwao, maana anayepokea namba 2 akahamia Dar ni wewe wa namba 10 unayelia.

Vikundi vya kuweka na kukopa, vile vya kisanduku cha kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, navipenda zaidi. Vingine vinatoza asilimia 10 kwa mwezi, kwa mwaka ni nyingi mno, lakini watu wanasema si neno, inarudi kwetu siku ya kugawana. Inarudi, ndio, ila inarudi kwa hisa. Mwenye hisa nyingi anayekopa kidogo anavuna, mwenye hisa mbili anayekopa kila mara ndo anayemlisha. Kwa hivyo usiwe mkopaji mkubwa wa kikundi kwa hisa ndogo. Na mshauri katibu wenu mjaribu ada ndogo ya kudumu badala ya asilimia, baadhi ya vikundi vinafanya hivyo kwa sababu ya dini na vinakwenda vizuri tu.

Haya, na Benki Kuu inaingia wapi

Watu wanasikia kwenye taarifa ya habari "riba ya Benki Kuu imepunguzwa" halafu wanakuja dirishani kuuliza mbona rejesho langu halijashuka. Nieleze kidogo. Mambo ya sarafu ni ya Muungano, kwa hivyo BoT, yaani Benki Kuu ya Tanzania, ni ya bara na visiwani. Tangu Januari 2024 wanatumia kitu kinaitwa riba ya Benki Kuu, walianza na asilimia 5.5, Aprili 2024 wakapandisha mpaka 6 wakati shilingi ilikuwa inahangaika mbele ya dola, Julai 2025 wakaishusha 5.75. Hiyo siyo riba yako wewe, inaongoza bei ya pesa baina ya mabenki yenyewe, wanapokopeshana kwa siku chache.

Wewe unakopa kwa 15, 16 na zaidi. Pengo linatoka wapi? Benki inawalipa wenye amana, inalipa mishahara na jenereta, inaweka pembeni kwa ajili ya wasiolipa, na pia ina pahala pengine pa kupeleka pesa: serikali nayo inakopa kwa hatifungani, inalipa vizuri na haitoroki, kwa nini benki ihangaike na wewe wa genge la Mwanakwerekwe kwa bei rahisi? Kwa hivyo robo asilimia ikishuka juu, huku chini unaweza usiione kabisa. Na mkopo wa simu, daftari la duka, tajiri wa mafuta, hivyo havijui hata kama Benki Kuu imekaa kikao.

Ila usidhani haikugusi, inakugusa kwa mlango wa nyuma. Mwenye hoteli Nungwi alikuwa ajenge vyumba 20 kwa mkopo, pesa ikawa ghali akasema nasubiri. Fundi wa matofali hakuitwa, dereva wa fuso la mchanga kalala nyumbani, mama ntilie wa pale kwenye ujenzi kauza sahani 15 badala ya 60, na jioni wote hao watatu wanakwenda dukani kuandikisha. Pesa ikiwa rahisi kupita kiasi ni kinyume chake, kila mtu anajenga, saruji inapanda, kiwanja cha Fuoni kinapanda, na sisi ambao mchele na unga wa ngano vinakuja kwa meli tukisikia shilingi imeshuka tunajua wiki ijayo bei dukani itapanda. Ndo maana wanapandisha na kushusha, wanatafuta katikati, na aliyeko katikati hiyo mara nyingi hajui.

Hili lina matumizi kwako. Mkataba wako uulize kama riba ni ya kudumu au inaweza kubadilika. Ikiwa inabadilika, rejesho la leo usilihesabu kama la mwaka kesho kutwa, acha nafasi. Na kama una akiba benki inakupa asilimia 3 wakati bei za vitu zinapanda asilimia 5, akiba yako inapungua ikiwa imekaa palepale, hapo bora umalize deni lako la 18 kwanza kabla hujaweka hata shilingi.

Kukopesha nako kuna njia yake

Ndugu akija kukopa, kopesha kile ambacho kikipotea mtaendelea kuzikana. Zaidi ya hapo mwambie huna. Na uandike, kuandika si kumdharau mtu, aya ndefu kuliko zote kwenye Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, ni ya kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Tarehe, kiasi, lini atalipa, saini mbili. Mtu akikasirika kwa sababu umetoa kalamu umeshapata jibu lako.

Kudhamini ndo hatari kuliko kukopesha, kwa sababu unapoteza pesa ambayo hata hukuishika. Mdhamini si shahidi jamani! Mdhamini ni mlipaji wa pili. Kabla hujasaini kuwa mdhamini piga ile hesabu ya maswali manne kama vile mkopo ni wako.

Waliokwishaingia tayari

Wafanyakazi wanaokatwa mshahara wana ugonjwa wa kuongezea mkopo juu ya mkopo, wenyewe wanaita topapu. Umebakisha milioni 1.4, wanakwambia chukua milioni 4 mpya, tunalipa la zamani unabaki na 2.6. Ada asilimia 3 wanaitoza kwenye 4 yote, laki 1 na elfu 20, kwa hivyo mkononi 2,480,000, na miaka imeanza upya. Kanuni yangu mimi, makato yote nikiyajumlisha yasipite theluthi ya mshahara, na sichukui topapu kama nusu ya ile ya kwanza sijaimaliza.

Ukiona mwezi huu hutaweza, nenda kabla ya tarehe, siyo baada. Wallahi ninavyomtendea anayekuja tarehe 25 kuniambia utalii umelala sina kitu, na anayezima simu mpaka tarehe 10, ni tafauti kabisa, na si mimi tu, kila ofisi iko hivyo. Omba rejesho lipunguzwe na miezi iongezwe, na wakukokotolee jumla mpya kwa maandishi. Ukiwa na madeni mengi pamoja andika yote, lile lenye gharama kubwa kwa mwezi kwa kila elfu unayodaiwa ndo la kwanza kumalizwa, mara nyingi ni la simu na dogo kuliko yote, kwa hivyo linawezekana.

Na siku ukimaliza usiondoke na furaha tu. Omba barua ya kumaliza deni yenye muhuri, na dai dhamana yako siku hiyohiyo, kadi ya gari, hati, chochote ulichoweka. Shangazi aliichukua ile 20 mwishowe, akaimaliza mwaka huu kwa karafuu, lakini hati ya shamba lake imekaa kabatini kwa waliomkopesha wiki sita zaidi kwa sababu hakuna aliyekwenda kuidai, na alipokwenda wakamwambia mwenye ufunguo yuko likizo.